Msemaji wa Atilio

Mzee Gaitani Kihwele alipofika dirishani alivua kofia, akaketi kwenye benchi, kisha akamsalimia mwanawe.

"Kamwene, Atilio."

Nyuma ya kioo, ndani ya chombo chenye majimaji ya rangi ya waridi, kitu cha ukubwa wa punje ya kunde kilikaa juu ya wavu wake. Hakikujibu. Kazi yake ilikuwa kula sukari, kutoa uchafu na kujigawa, na kila kilipozidi kimo kilichowekwa, mkono mwembamba wa chuma ulishuka kutoka juu ukakipunguza. Mahali hapo paliitwa kitalu. Vitalu vilikuwa vingi katika ukumbi ule, na mbele ya kila kimoja palikuwa na benchi la jamaa.

"Mwalimu ameamkaje leo?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Ameamka salama, baba," alijibu mtunza aliyekuwa zamu, mwanamke wa makamo aliyesimama nyuma yake, mikono mgongoni. "Joto lake zuri. Chakula amemaliza."

"Hajawasumbua?"

"Hata kidogo."

Mtunza huyo aliitwa Winfrida Tawete, lakini mzee hakulijua jina hilo, ingawa walikuwa wameonana kila mwezi kwa miaka. Katika Ghala la Tishu Hai la Iringa wafanyakazi hawakuwa na majina wala kwao. Beji zao za kijani ziliandikwa "Mtunza" na basi. Sheria ya Usemaji ndiyo iliyotaka hivyo, na ilikuwa sheria nzuri, nasema bila kejeli. Ilitungwa baada ya watu kugundua kwamba vipande vya ndugu zao vilivyokatwa hospitalini vilikuwa vimezunguka dunia nzima, vikaoteshwa, vikauzwa, vikaandikiwa vitabu, na wenyewe hawakuulizwa hata kwa adabu. Kuanzia hapo kila tishu iliyohifadhiwa ilipewa msemaji, mtu wa ukoo wake. Yeyote aliyetaka hata kijipande, awe Mbeya au ng'ambo ya bahari, sharti msemaji aulizwe ana kwa ana, mbele ya Mwangalizi.

Mwangalizi hakuwa mtu. Alikuwa sauti katika kila chumba, na nyuma ya sauti hiyo palikuwa na mashine iliyosikiliza kila neno kati ya mtunza na msemaji. Ilipima kama mtunza amebembeleza, ametisha, amesifu au amejipendekeza. Ikigundua lolote katika hayo, ridhaa ilifutwa hapo hapo. Jina la mtu, kabila lake, dini yake, vyote vilihesabiwa kuwa njia za kumvuta msemaji, kwa hiyo vilifichwa.

Kitu kimoja sheria haikukifikiria, nacho ni malezi mema. Siku ya kwanza Mzee Kihwele alipofika, mara baada ya kumzika Atilio, aliuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Mtunza wa siku hiyo alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Hakuweza kumwambia mfiwa kwamba kilichomo kwenye chombo ni uvimbe uliokatwa mguuni kwa marehemu. Alisema, "Yuko hapa, baba. Karibu ukae." Baada ya hapo hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Mzee aliuliza kama mwanawe amekula, wakajibu amekula. Mwishowe hata wao kwa wao, wakipokezana zamu, waliulizana kama Mwalimu amenyolewa, maana yake kama mkono wa chuma umempunguza. Atilio alikuwa mwalimu wa hesabu enzi za uhai wake, na pale ghalani aliendelea na cheo chake.

Hakuna aliyeona kosa lolote hapo, hadi ombi lilipokuja.

*

Mkuu wa Ghala, Daktari Erasto Mlowe, alilisoma ombi akiwa amesimama. Alikuwa mtu mpole kupita kiasi, aina ile ya mtu akikukanyaga unajikuta wewe ndiye unayeomba radhi. Alimwita Winfrida ofisini akamvutia kiti.

"Makete wana mgonjwa," alisema. "Ni ugonjwa ule wa Mwalimu."

Ulikuwa saratani ya ala za kano, ngozi nyembamba zinazofunika kano za mikono na miguu, na ilikuwa adimu kiasi kwamba daktari angeweza kufundisha hadi astaafu asiione. Taabu ya saratani adimu ndiyo hiyo. Ukiwa na mgonjwa mmoja huwezi kujua lipi ni la ugonjwa na lipi ni la mtu mwenyewe. Ukiwaweka kadhaa pamoja, yale yanayofanana huanza kujitokeza, nayo ndiyo dawa inayoyatafuta. Kwa hiyo maghala ya tishu yaliunganishwa. Kipande cha Kumasi, cha Recife na cha Pune vilioteshwa sambamba, vikasomwa na mashine moja kama vile vimekaa chumba kimoja. Kwa saratani hii wote walikwisha kutoa. Ilibaki Iringa.

Na cha Iringa ndicho kilichotakiwa kuliko vyote. Kwa wengine ugonjwa uliwaka tangu siku ya kwanza. Kwa Atilio ulilala miaka, akafundisha, akacheza mpira, ndipo ukaamka. Kuna kitu mwilini mwake kiliulaza. Wataalamu walitaka kujua ni kitu gani, wamtengenezee mgonjwa mwingine.

Ombi lilikuja na picha yenye sauti. Mtandao wa maghala uliruhusu mgonjwa kusema neno kwa watunza, si kwa msemaji. Blandina Sanga alikuwa ameketi nje ya wodi akiwa na sweta la kijivu, mkono wa kulia umefungwa kanga. Hakuomba chochote.

"Nilitaka kuuliza tu," alisema. "Huyo mwenzangu aliyetangulia, naye ulimwanzia kidoleni? Na je, baadaye aliweza kumenya viazi? Maana mimi sasa nashindwa, na kwetu ukishindwa viazi umeshindwa kila kitu."

Picha ikakatika. Madaktari wake waliandika kwamba masika haya hatayamaliza.

"Tungeweza kuwapelekea cha kitaluni," Daktari Mlowe alisema taratibu. "Kinapunguzwa kila mara, na kinachokatwa tunakichoma. Mzee hatapungukiwa."

"Kile si chake tena, Daktari."

Mkuu alijua. Alisema tu kwa kuwa angependa jambo liwe rahisi. Seli ikijigawa hunakili maandishi yake yote ya vinasaba, na mnakili akikaa kazini miaka mingi huanza kuruka maneno na kurudia mistari. Kilichokuwa kitaluni kilikuwa nakala ya nakala, kimezoea kioo na sukari, kimesahau mwili. Kilichobaki kama kilivyotoka kwa Atilio ni mbegu moja tu, kibomba chembamba kilichozamishwa ndani ya naitrojeni ya majimaji, ghorofa ya chini. Mbegu huyeyushwa mara moja. Ikishaamshwa, imetumika.

"Mzee anajua tofauti hiyo?" Mkuu aliuliza.

"Hatukumwambia," Winfrida alijibu. "Tulimwambia Mwalimu amekula."

*

Waliuliza kwa utaratibu. Chumba cha maulizo kilikuwa na viti viwili na meza isiyo na kitu juu yake. Mwangalizi alifungua kwa maneno yake ya kila siku, kwamba mazungumzo yanasikilizwa na msemaji yuko huru. Winfrida alilisoma ombi neno kwa neno, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama alivyofundishwa.

Mzee Kihwele alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mgonjwa ana watoto?" aliuliza.

"Taarifa za mgonjwa haziruhusiwi," Mwangalizi alisema. "Zinaweza kuwa shinikizo."

"Lakini nimeuliza mimi."

"Bado haziruhusiwi."

Mikono ya mzee ilikuwa ya mtu aliyefyatua matofali maisha yake yote, na aliilaza juu ya meza ile tupu.

"Mnataka kumtoa huko chini alikolala," alisema, "mumwamshe, mumgawe, apelekwe nchi za watu. Mwanangu huyu alikuwa haendi hata Mafinga bila kuniaga. Mmemuuliza mwenyewe?"

"Hawezi kujibu, baba," Winfrida alisema.

"Mbona kila mwezi mnaniambia ameamka salama? Mtu anayeamka hujibu."

Lilikuwa neno la haki, tena walimpa wao wenyewe. Winfrida aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto, na alishukuru kwamba Mwangalizi hapimi masikio.

"Basi nimekataa," mzee alisema. "Si kwa ubaya."

"Imepokelewa," Mwangalizi alisema. "Swali hili halitaulizwa tena hadi mwaka mwingine."

Mtunza aliruhusiwa kumsindikiza msemaji, mradi asitaje tishu. Winfrida alimpitisha kantini akamnunulia chai na andazi, kwa sababu mzee alikuwa ametoka mbali na kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kurudi kazini hivyo hivyo. Walikaa karibu na dirisha linalotazama mtaa wa Kihesa. Mzee alilichovya andazi, akalisahau mkononi.

"Wewe mama, ulishazika mtu mwaka ule wa karantini?"

"Sikuzika, baba. Nashukuru Mungu."

"Mimi nilizika. Walikuja watu wa suti nyeupe na gari lao. Tulisimama mbali, mimi na mama yake, tukaonyeshwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuja. Ndugu hawakuja. Mtani hata mmoja hakuja." Alitikisa kichwa, kama vile hilo la mwisho ndilo lililompita akili. "Hakuna aliyejitupa kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Hakuna aliyemwigiza Atilio anavyotembea na chaki sikioni. Hakuna aliyenicheka nilivyokuwa nalia. Tulifukia kimya kimya tukaenda nyumbani. Sasa niambie, mtu akizikwa vile utasema amezikwa?"

Winfrida alishika kikombe kwa mikono miwili akajibu kwamba hata yeye hajui.

Alikuwa Mngoni. Babu zake na babu za Mzee Kihwele, Wahehe, walipigana hadi wakachoka, kisha wakaigeuza vita kuwa matusi, na matusi hayo wakayafanya undugu. Kila msomaji anajua mtani anafanya nini msibani. Anamkejeli marehemu, anawacheka wanaolia, na katikati ya upuuzi wake analisema lile neno ambalo ukoo mzima umelimeza. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Anaweza kumrushia maji, anaweza kumrudishia tusi, lakini hawezi kununa.

Mwangalizi hakuwa anajua lolote katika hayo. Angejua, pengine angelipiga marufuku kwanza kuliko vyote, kwa maana shinikizo gani lipite la mtu usiyeweza kumkasirikia?

Winfrida aliligeuza jambo hilo kichwani siku nyingi, na kila upande lilikuwa na mwiba. Mzee alikuwa na haki ya kukataa. Lakini alikuwa amekataa kitu ambacho hakuwahi kuambiwa ni nini. Kumwambia ilikuwa haki yake pia, na wao ndio waliomnyima kwa upole wao. Hadi hapo ilikuwa sawa. Kilichomsumbua ni yule mwanamke wa sweta la kijivu. Mtani huenda msibani bila haja yake. Yeye alikuwa na haja, tena kubwa, na hakuweza kujidanganya kwamba angeyasema hayo kama kusingekuwa na Blandina wa Makete. Kama angenyamaza mtu mmoja angekufa, na kama angesema angekuwa amemwendea mzee aliyefiwa akiwa amejivika utani. Aliona yote mawili mabaya. Akachagua, na hata sasa ukimuuliza hatakuambia alichagua sawa.

*

Mzee alirudi mwezi uliofuata, asubuhi, kama kawaida yake. Alivua kofia, akaketi.

"Kamwene, Atilio."

"Unamsalimia nani?" Winfrida aliuliza.

Hakuwa amesimama nyuma. Alikuwa amekuja mbele akaketi kwenye benchi lile lile, jambo ambalo hakuna mtunza aliyewahi kulifanya. Mzee alimtazama.

"Mimi naitwa Winfrida Tawete," alisema. "Kwetu Peramiho. Mngoni, baba na mama."

"Mtunza, umetaja jina na asili," Mwangalizi alisema. "Hairuhusiwi. Tafadhali ondoka kwenye benchi."

Mzee Kihwele hakumsikiliza Mwangalizi. Uso wake ulikuwa unafanya kazi, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Tawete," alisema. "Mngoni. Umeninywesha chai hapa, umeniita baba miaka yote, kumbe Mngoni."

"Nilikuona unavyohangaika nikakuonea huruma. Mhehe akishika neno, hata likioza hatalitupa."

"Huruma ya Mngoni. Babu yako alimkimbia babu yangu hadi akaacha ngao."

"Alirudi nyumbani kula. Babu yako alibaki porini peke yake akidhani ameshinda."

Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi chenye kutu, na jamaa waliokaa kwenye mabenchi mengine waligeuka kutazama. Winfrida aliinuka akaenda hadi kwenye kioo, akakigonga kwa kidole kama mkaguzi wa shule.

"Haya, Mwalimu. Kumi mara kumi?" Akasubiri, mkono sikioni. "Kimya. Kumi jumlisha kumi? Kimya. Mtani, mwanao huyu amefeli. Miaka yote mnalipiwa umeme wa serikali, na hesabu ya darasa la kwanza imemshinda."

"Mtunza, lugha ya dhihaka," Mwangalizi alisema. "Hili ni onyo."

Mzee hakucheka safari hii, lakini hakununa pia. Alikuwa anamtazama na anangoja. Winfrida alielewa kwamba mzee anajua sehemu inayofuata, kwamba pengine ameingoja tangu siku ile ya gari la suti nyeupe.

"Hapa hakuna mwalimu, mtani. Hiki si Atilio. Hiki ndicho kilichomla Atilio. Kilianzia mguuni, kikapanda, kikamla mpaka kikashiba. Wewe unakuja kila mwezi unamvulia kofia muuaji wa mwanao, unatuuliza kama amekula. Sisi nasi, mabingwa wa adabu, tunakujibu amekula. Amekula, ndiyo. Alikula mtoto wako, na tunamwongezea sukari."

"Tusi. Shinikizo," Mwangalizi alisema. "Mazungumzo yamesitishwa. Mtunza, beji yako imezimwa."

Ile rangi ya kijani kifuani kwa Winfrida ilififia ikawa kijivu. Mzee Kihwele aliichukua kofia gotini akaivaa kichwani, akaishindilia vizuri.

"Nilikuwa najua," alisema. "Nilikuwa sina mtu wa kuniambia."

Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na kile cha chini?"

"Cha chini ni hiki hiki, ila kama kilivyotoka kwake siku ile. Humo yumo yeye na umo ugonjwa, havijaachana. Wanataka kuona alivyoulaza miaka yote ile. Mwili wake ulijua kitu ambacho madaktari hawakijui."

"Alikuwa mbishi," mzee alisema. Akafikiri. "Wewe unayasema haya kwa sababu ya yule mgonjwa."

"Ndiyo."

"Vizuri umekiri. Mngoni huwa hakiri." Aliinua uso kuelekea dari, ambako watu wote walidhani ndiko aliko Mwangalizi. "Nimekubali. Mpeni."

"Ridhaa imekataliwa," Mwangalizi alisema. "Nitakuuliza maswali machache, msemaji, kwa ajili ya kumbukumbu. Je, mtunza amekutukana?"

"Amenitukana."

"Je, umekasirika?"

"Mtu hamkasirikii mtani wake."

"Je, ulikuwa na uwezo wa kumzuia asiseme?"

Mzee alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Hapana," alisema. "Mtani hazuiliwi. Ndiyo kazi yake."

"Basi hukuwa huru. Ridhaa imefutwa."

Nimewasikia watu wakisema mashine ile ilikuwa mbumbumbu. Sikubaliani nao. Ilikuwa imewekwa pale iwalinde wanyonge dhidi ya watu wenye ulimi, na siku hiyo ilimwona mnyonge na ikamwona mwenye ulimi. Hata Winfrida alikuwa amekaa pale akijiuliza kama haikusema kweli.

"Na nikiacha?" mzee aliuliza.

"Kuacha nini?"

"Huu usemaji."

Mwangalizi alimsomea kifungu cha sheria.

"Msemaji anaweza kujivua wakati wowote. Hahitaji sababu, na hakuna wa kumzuia. Tishu isiyo na msemaji ni mali ya umma, hivyo mbegu itapelekwa inakoombwa. Kilichomo kitaluni kitazimwa. Wewe hutakuwa na dirisha la kuja tena."

"Baba, subiri," Winfrida alisema. Alimshika mkono bila kujua. "Nenda nyumbani kwanza. Kaongee na mama. Hakuna anayekukimbiza."

Anayekimbizwa alikuwepo, kule Makete, na Winfrida alijua hivyo alipokuwa anasema. Lakini alikuwa amekuja kumwambia mzee ukweli, hakuja kumtoa kwenye benchi lake.

"Umeanza kuniita baba tena," mzee alisema. "Mtani mwenyewe ameshachoka." Akautoa mkono wake polepole, akainua tena uso. "Mimi Gaitani Kihwele nimejivua. Andika."

"Imeandikwa," Mwangalizi alisema.

*

Daktari Mlowe alikuja kuichukua beji yeye mwenyewe. Alimwambia Winfrida kwamba shauri lake litasikilizwa, kwamba matumaini ya kurudi kazini ni madogo, na kwamba anasikitika sana. Kisha akaganda mbele yake na ile beji ya kijivu mkononi, akitafuta neno, na akaishia kumwambia asante, akaondoka haraka kabla Mwangalizi hajamuuliza ya nini.

Mbegu ilipandishwa kutoka chini na mtunza mwingine. Iliingizwa ndani ya kasha linalofuka moshi mweupe, kasha likafungwa kwenye ndege ndogo isiyo na rubani, nayo ikaruka kuelekea Dodoma, ambako ingepanda ndege kubwa kwenda kwenye maghala ya ng'ambo. Kama ingemfaa Blandina Sanga, hakuna aliyejua. Mashine ingehitaji kuiotesha kwanza, isome, ilinganishe, na hata hapo dawa ingekuwa jaribio. Alichopewa ni nafasi, na hadi asubuhi hiyo hakuwa nayo.

Mzee Kihwele hakwenda kuitazama ikiondoka. Alikuwa amebaki kwenye benchi. Winfrida, ambaye sasa hakuwa mtunza wa kitu chochote, hakuwa na ruhusa ya kuwepo ukumbini, lakini hakuna aliyemwondoa. Alirudi akaketi kando yake.

Kuzima kitalu hakuna sherehe. Pampu ilinyamaza. Viputo vilivyokuwa vikipanda pembeni mwa chombo vilipungua, kikapanda kimoja, kisha hakikufuatwa na kingine. Namba ya joto juu ya kioo ilianza kushuka. Kitu kile juu ya wavu kilibaki vile vile kilivyokuwa. Mtu asiyejua asingeona tofauti yoyote.

"Sasa ndiyo amekufa," mzee alisema.

Akalia. Hakulia kwa adabu kama alivyokuwa akifanya mambo yote pale ghalani. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mabega yakitikisika, na watu wa mabenchi mengine wakainamisha vichwa.

Ilikuwa zamu ya Winfrida. Mtani hamwachi mfiwa alie hivi hivi. Alipaswa kumcheka, kumwambia Mhehe gani analia mbele za watu, kumwigiza anavyopenga kamasi, hadi kilio kigeuke kikohozi na kikohozi kigeuke kicheko. Alikuwa na maneno hayo tangu utotoni, ya bibi yake na ya mama yake. Aliyatafuta. Alifungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa neno. Akajiinamia pale pale kwenye benchi, akafunika uso kwa koti la kijani ambalo halikuwa lake tena, akalia na yeye.

Walilia hivyo muda mrefu. Mzee ndiye aliyetangulia kunyamaza. Alijifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi, akamgeukia. Alimtazama kwa makini, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mngoni gani wewe," alisema, "unalia kwenye msiba wa Wahehe?"